Majaribu na Ukombozi Katika Miisho ya Filamu za Mfululizo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapotoka kutazama filamu, iwe ni kwenye kibanda cha video Kondele, ukumbi wa kanisa Kakamega au bweni la chuo Nakuru, ubishi ukiwa bado moto. Yanaanza na mepesi na kuishia na yale yanayogawanya chumba. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi, utaelekezwa huko.

Onyo: miisho yote imefichuliwa humu. Kama hujatazama Return of the Jedi (ya Star Wars), The Return of the King (ya The Lord of the Rings), sehemu ya mwisho ya Harry Potter au The Godfather Part III, tazama kwanza, ukurasa huu hauendi popote.

## Misingi

"Majaribu" na "ukombozi" hapa vina maana gani? Hii ni sinema au mahubiri?

Sinema. Majaribu ni pale mhusika anapowekewa mbele yake kitu anachokitaka kweli, kwa bei ambayo hapaswi kulipa. Neno zito hapo ni "kweli". Mtu asiyetamani mamlaka akikataa kiti cha enzi hajashinda chochote. Wavuvi wa ziwani wanalijua jambo hili: mbuta hanaswi kwa ndoana tupu, na omena hawafuati giza, wanafuata taa. Kwa hivyo usianze kwa kuuliza dhambi ni ipi. Uliza chambo ni nini.

Ukombozi ni mhusika aliyekwisha kupotea kurudi, na kurudi kwake kukabadilisha kitu katika hadithi. Kujuta moyoni peke yake hakutoshi, kwa kuwa kamera haioni moyo. Inaona uso, na kinachosema wazi zaidi ya uso ni mikono. Hilo utakutana nalo tena na tena hapa chini.

Toba, malipizi, msamaha na ukombozi si kitu kimoja?

La, na nusu ya ubishi wa vikao hutokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili. Toba ni kugeuka. Malipizi ni kurudisha au kulipa ulichoharibu, kama Zakayo wa Luka 19 aliyeahidi kurudisha mara nne. Msamaha hutolewa na aliyekosewa, na hakuna wa kumlazimisha autoe. Ukombozi ndio matokeo, yaani mtu kutolewa alikokuwa amefungwa.

Filamu nzuri huvitenganisha. Darth Vader, adui mwenye kinyago wa Star Wars, anapata toba lakini hana muda wa malipizi. Snape, mwalimu wa Harry Potter, analipa kwa miaka mingi bila kumwangukia mtu yeyote. Michael Corleone, bosi wa mafia wa The Godfather, anaungama mbele ya kardinali, analia machozi ya kweli, kisha anaendelea na kazi. Gollum wa The Lord of the Rings hapati hata kimoja, ilhali bila yeye dunia yao haiokoki.

Kwa nini mwisho wa mfululizo mzima na si mwisho wa filamu moja?

Kwa sababu ya muda. Katika filamu moja mtu hukosea saa ya kwanza na kutubu saa ya pili, na wewe hujawahi kuishi na kosa lake. Mtazamaji wa 1980 alimwona Vader akimkata mwanawe mkono, akakaa na picha hiyo miaka mitatu kabla ya kuona mwisho. Deni lililokaa muda mrefu lina riba.

Nalinganishaje miisho miwili bila kupotea?

Chukua daftari, chora safu nne, jaza kila moja kwa sentensi moja tu:

1. Chambo ni nini, na kwa nini mtu huyu hasa anakitaka?
2. Mkono unafanya nini pale pa kuamua: unashika, unaachilia, unakatwa?
3. Nani analipa bei: aliyekosa, au mtu mwingine?
4. Nani anashuhudia?

Kosa la kawaida ni kujaza safu ya kwanza kwa neno la jumla kama "nguvu" au "uovu". Ukiandika "nguvu", futa. Andika nguvu ya kufanya nini. Anakin, yaani Vader kabla hajavaa kinyago, hataki nguvu tu, anataka mkewe asife akijifungua. Frodo, mbeba pete wa The Lord of the Rings, hataki kutawala dunia, anataka ile pete isitoke mkononi mwake. Safu ya kwanza ikiwa sahihi, zile tatu hujijaza.

## Baba na mwana: Return of the Jedi (1983)

Luke, mwana wa Vader, anajaribiwa kwa kitu gani hasa?

Kwa wema wake. Mfalme Mkuu, bwana wa Vader, hamwahidi mali wala cheo mwanzoni. Anamwonyesha dirishani wenzake wakiangamia vitani, kisha anamwonyesha upanga wake wa mwanga ukiwa kando ya kiti, karibu kabisa, na kumwambia auchukue. Chambo ni kuwaokoa rafiki zake. Chambo cha pili ni kikali zaidi: Vader anasoma mawazo ya kijana, anagundua kwamba ana dada, na kusema kwamba kama Luke hatageukia uovu, huenda dada ataugeukia.

Hapo Luke analipuka. Anampiga baba yake hadi chini na kumkata mkono wa kulia. Nyaya zinatoka mahali ambapo damu ingetoka. Sasa tazama kinachofuata, maana hapa ndipo filamu nzima ilipo: Mfalme anacheka na kumwambia achukue nafasi ya babake. Luke anaangalia kile kigutu cha nyaya, kisha anaangalia mkono wake mwenyewe uliovaa glavu nyeusi, nao ni wa mashine tangu filamu iliyotangulia. Hakuna anayemhubiria. Anaona tu mikono miwili inayofanana, anautupa upanga.

Wengi hukumbuka kwamba Luke alikataa kupigana. Si kweli. Alipigana, akashinda, akaacha akiwa ameshinda. Kuacha ukiwa umeshindwa si kazi.

Kwa nini Vader alibadilika ghafla vile?

Haikuwa ghafla, ila inaonekana hivyo ukitazama filamu hiyo peke yake. Weka kando yake tukio la Revenge of the Sith (2005) ambapo Anakin anasimama katika ofisi ya Palpatine, ndiye yule Mfalme Mkuu. Kuna mwalimu wa Jedi, wale mashujaa wa panga za mwanga, amemwinulia Palpatine upanga, kuna umeme, kuna kijana katikati ambaye lazima achague. Anachagua kuukata mkono wa mwalimu huyo, Mace Windu, na Windu anarushwa nje ya dirisha.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye katika hadithi hiyo, mtu yuleyule amesimama tena kati ya Jedi na umeme wa Palpatine. Anaangalia huku, anaangalia kule. Safari hii anayeanguka ni bwana wake, naye Vader anamwinua kwa mkono uliobaki na kigutu cha ule mwingine, huku umeme ukimmaliza yeye mwenyewe. Ni mtihani uleule aliouanguka, amepewa aurudie, na mwanawe ndiye karatasi ya maswali. Sehemu hizo mbili zilitengenezwa kwa kutofautiana miaka 22, na ile ya baadaye ndiyo iliyotengenezwa kwanza. Ndiyo sababu ukizionyesha kwa kufuatana, watu hunyamaza.

Je, Vader aliokoka?

Kwa maana ya kanisani, yaani kukiri kwa kinywa na kupokea, hapana. Haungami kwa mtu. Anachofanya ni kuomba kinyago kitolewe ili amwone mwanawe kwa macho yake mwenyewe, ingawa anajua kutolewa kwake kutamuua. Luke anasema lazima amwokoe. Baba anajibu kwamba amekwisha kuokolewa. Filamu inaliacha hapo, na afadhali iliacha.

Kama swali lako ni la haki, kwamba watoto aliowaua je, nenda sehemu ya "Maswali magumu".

Mbona kopi yangu haifanani na ya mwenzangu?

Kwa sababu filamu hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na kopi zinazozunguka kwenye flashi ni mchanganyiko. Kuna dalili tatu. Sikiliza wimbo wa sherehe ya mwisho: Ewok, wale viumbe wadogo wa msituni, wakiimba wimbo wao, una toleo la awali, tangu 1997 wimbo huo uliondolewa, pakaongezwa sherehe za sayari nyingine. Tazama zile roho tatu zinazomtokea Luke: babake akiwa mzee, ni Sebastian Shaw, toleo la kabla ya 2004, akiwa kijana, ni Hayden Christensen, toleo la 2004 au la baadaye. Mwisho, sikiliza Vader anapoamua: akipaza sauti "Hapana!", ni toleo la 2011 kuendelea.

Mabadiliko haya si mapambo. Mzee yule ndiye mtu aliyekosa na aliyetubu, uso wenye makovu aliouona mwanawe. Kumweka kijana badala yake ni kama kusema kwamba miaka ya Vader ilikuwa ya mtu mwingine. Na ule ukelele wa 2011 unaeleza kwa mdomo kitu ambacho shingo ya kinyago ilikuwa imeshakieleza. La zamani ni bora. Ukikosa la zamani, angalau uwaambie watazamaji.

Na Ben Solo katika The Rise of Skywalker (2019)?

Yeye ni mjukuu wa Vader, na mwisho wake ni nakala ya babu kwa haraka zaidi. Anatoa uhai wake ili Rey, msichana Jedi, aishi, anapata busu, anatoweka. Kinachokwamisha wengi si tendo, ni mambo mawili yanayolizunguka. Kwanza, Mfalme Mkuu aliyetupwa shimoni 1983 amerudishwa, kwa hivyo malipo ya Vader yanaonekana kama cheki iliyoruka benki. Pili, Ben anakufa dakika ileile anayotubu, kwa hivyo hatuoni kazi ngumu ya kuishi na watu aliowaumiza. Sehemu yake nzuri ni ile ya kabla, anapokutana na kumbukumbu ya babake kwenye mabaki ya kituo cha vita. Hapo anautupa upanga wake baharini. Mkono tena.

## Mlima na pete: The Return of the King (2003)

Frodo alishindwa au alishinda?

Alishindwa. Kazi yake ni kuitupa pete ya uovu katika moto wa mlima ilikotengenezwa. Anasimama ukingoni mwa moto, rafiki yake Sam anamsihi aitupe, naye anageuka, anasema pete ni yake, anaivaa. Ni mahali palepale ambapo Isildur, mfalme wa kale, alikataa kuitupa zamani. Watu hawapendi jibu hili kwa sababu wamezoea kwamba steringi hafi na hakosei. Lakini filamu imelitayarisha kwa saa tisa: kila aliyeibeba pete ilimpunguza. Tolkien mwenyewe alieleza katika barua zake kwamba hakuna ambaye angeweza kuiangamiza kwa hiari pale ilipozaliwa, na kwamba Frodo alikuwa amefanya yote yaliyo katika uwezo wake.

Linganisha na Luke: Luke alishika akaachilia. Frodo hakuweza kuachilia, ikabidi kidole chenye pete king'atwe na Gollum.

Basi nani aliyeangamiza pete?

Huruma ya zamani. Bilbo, aliyekuwa na pete kabla ya Frodo, alipata nafasi ya kumuua Gollum, ambaye pete ilikuwa imemtawala, hakumuua. Frodo naye akamwonea huruma. Laiti mmoja wao angefanya "haki" siku hiyo, pale mlimani pasingekuwa na meno ya kung'ata. Katika kitabu Gollum anarukaruka kwa furaha, anakanyaga pabaya, anaanguka. Katika filamu Frodo anamrukia wapiganie pete, wanaporomoka wote, Frodo akaning'inia. Peter Jackson alikuwa amepiga kwanza sehemu ambayo Frodo anamsukuma, wakaona inaonekana kama mauaji ya kupanga, wakairudia. Toleo lililobaki liko katikati: si ajali tupu, si kusudi tupu.

Tazama pia filamu inavyoanza. Picha ya kwanza kabisa ni mnyoo kati ya vidole vya Sméagol, yaani Gollum kabla hajaharibika, anautia kwenye ndoana. Wameenda kuvua samaki, siku yake ya kuzaliwa. Dakika chache baadaye amemnyonga binamu yake kwa sababu ya pete. Mtu wa ufukwe wa Dunga au Usenge hahitaji kuelezwa picha hiyo. Halafu mwishoni Gollum anaanguka ndani ya moto akiwa ameishika pete, na uso wake umejaa furaha. Chambo na samaki vimezama pamoja.

Gollum angeweza kuokoka?

Ndiyo, alikaribia. Katika The Two Towers (2002) anabishana na nafsi yake na kuifukuza ile mbaya. Kinachomrudisha nyuma ni kukamatwa na watu wa Faramir. Anaamini Frodo amemsaliti, ilhali Frodo alikuwa anamtetea asiuawe. Kitabu kina tukio linalouma zaidi, kwenye ngazi za Cirith Ungol: Gollum anamtazama Frodo amelala, anakaribia kutubu kabisa, Sam anaamka na kumkaripia, na nafasi inapita. Filamu iliacha hilo, ikaweka ugomvi wa mikate. Ni hasara kubwa kuliko kuachwa kwa uvamizi wa Shire, nyumbani kwa Frodo, jambo ambalo ndilo watu hulalamikia.

Boromir je?

Ndiye mfano mkamilifu wa muda mfupi. Katika The Fellowship of the Ring (2001) anaitaka pete ili aokoe mji wake, anajaribu kumnyang'anya Frodo, anaanguka, analia. Dakika chache tu baadaye anawakinga Merry na Pippin, rafiki za Frodo, kwa mwili, mishale ikimwingia mmoja baada ya mwingine, kisha anakiri kosa lake kwa mwenzao Aragorn kabla ya kufa. Toba, malipizi na msamaha, vyote vitatu. Ukiwa na nusu saa tu ya kikao, mwonyeshe yeye.

## Fimbo na kiti: Harry Potter na Corleone

Jaribu la mwisho la Harry ni lipi? Kwenda msituni kufa?

Hilo ni sadaka. Jaribu linakuja baada ya vita, watu wamechoka, na ni dogo hata unaweza kulikosa. Harry na rafiki zake Ron na Hermione wako darajani. Ron anauliza wafanye nini na ile fimbo ya uchawi yenye nguvu kuliko zote, na anajitetea kwamba wangekuwa hawashindiki. Harry anaivunja vipande viwili na kuvitupa. Katika kitabu anaitumia kwanza kutengeneza fimbo yake iliyovunjika, kisha anairudisha kaburini kwa Dumbledore, aliyekuwa mwalimu wao mkuu. Filamu ilichagua mikono na mlio wa kuvunjika, na kwa skrini ni chaguo zuri, ingawa lile la kitabu lina akili zaidi: aliichukua kwa haja moja, akaiacha.

Snape ni mwema au mbaya?

Ni mtu aliyelipa deni bila kubadilika tabia. Alimpenda Lily, mama yake Harry, akamlinda mtoto, kisha yeye huyohuyo akamdhulumu mtoto huyo darasani miaka mingi pamoja na wenzake. Walimu hulipenda swali hili kwa sababu darasa hugawanyika nusu kwa nusu. Rudi kwenye jibu la toba na malipizi hapo juu. Snape ana la pili kwa wingi, la kwanza kwa Lily peke yake, na msamaha haombi. Anaomba tu kutazamwa.

Michael Corleone alitubu kweli. Kwa nini The Godfather Part III (1990) haimkomboi?

Kwa sababu alitubu lakini hakuachilia. Kardinali Lamberto anatoa jiwe kwenye maji, analivunja: limezungukwa na maji miaka yote, ndani ni kavu. Kisha Michael anaungama, na anapofika kwenye kuagiza ndugu yake auawe, analia kama mtoto. Kardinali anamwambia kwamba maisha yake yangeweza kukombolewa, lakini yeye mwenyewe haamini, na hatabadilika.

Na habadiliki. Anamkabidhi mpwa wake Vincent kiti, na Vincent anaua kwa niaba ya familia usiku wa opera Palermo. Mikono ya Michael ni safi kwa mara ya kwanza, ila ni usafi wa karani. Risasi iliyomkusudia inampata binti yake, Mary, kwenye ngazi. Anayelipa si aliyekosa, na hapo ndipo safu ya tatu ya daftari lako inapouma.

Ukiirudisha hadi filamu ya kwanza, ya 1972, utaona alikuwa amesimama kanisani kama baba wa ubatizo, akimkana Shetani kwa kinywa huku watu wake wakiua mjini. Kinywa chake hakijawahi kuwa tatizo. Mwishoni amekaa peke yake kwenye kiti, uani, na chungwa linamtoka mkononi. Ndicho kitu pekee alichowahi kuachilia.

Toleo lililohaririwa upya 2020 halionyeshi kifo chake. Anabaki hai, na hiyo ni adhabu nzito zaidi.

Tony Stark katika Avengers: Endgame (2019) ni ukombozi?

Kwa sehemu kubwa ni sadaka. Deni lake la kuuza silaha lilianza kulipwa 2008. Majaribu yake ni yale ya mwanzoni mwa Endgame: ana mke, ana binti, ana nyumba kando ya ziwa, na angeweza kukataa kusaidia. Chambo safi kabisa, na ndiyo maana kinauma.

## Maswali magumu

Mtu aue watoto, kisha afanye tendo moja jema asamehewe? Hiyo ni haki?

Hapa Wakristo na Waislamu wa kikao kimoja hutoa mifano tofauti, na yote miwili inafaa. Luka 23 ina mhalifu msalabani aliyekubaliwa saa ya mwisho. Surat Yunus, aya ya 90 na 91, ina Firauni aliyesema ameamini maji yakiwa yamemfika, akaambiwa: sasa ndiyo? Wote wawili walichelewa. Tofauti inayoweza kuonekana kwa mtunzi wa filamu ni hii: mhalifu hakuwa na njia ya kujiokoa kwa maneno yake na hakuomba kushushwa. Firauni alisema alipoona anazama.

Sasa mweke Vader hapo. Alipomwinua Mfalme, je, alikuwa anazama? Hapana. Alikuwa salama kabisa. Angeweza kusimama tu. Alichofanya kilimuua. Kwa kipimo hicho yuko upande wa msalabani. Lakini msamaha wa watoto wa hekalu la Jedi aliowaua si wa Luke kuutoa, na filamu haimpi. Inampa msamaha wa mwana kwa baba, basi. Anayesema filamu imemsafisha Vader kwa kila mtu anaongeza kitu ambacho hakipo.

Kufa si njia rahisi ya kutoka?

Mara nyingi ndiyo. Mtunzi akimuua mhusika pindi anapotubu, ameepuka kuandika kesho yake. Kinga ya kosa hilo ni kuonyesha malipizi kabla ya kifo, kama Snape, au kumwacha hai na jeraha, kama Frodo anayerudi nyumbani na kushindwa kukaa, mpaka anapanda meli. Frodo ndiye jibu bora kwa swali hili.

Hadithi zetu zina mwisho wa aina hii? Luanda Magere je?

Luanda Magere ana majaribu bila ukombozi. Nguvu ya shujaa huyo wa Wajaluo ilikuwa kivulini. Alipougua alimwambia mke wake, aliyetoka kwa maadui, akichanje kivuli badala ya mwili. Mke akatoroka, akatoa siri. Mkuki ukapigwa kivulini, shujaa akawa jiwe. Chambo kilikuwa kuaminiwa na mtu wa nyumbani. Lakini msimulizi akibadilika, mke huyo ni shujaa wa kwao aliyeshinda jaribu la kuwasahau ndugu zake. Hakuna anayetubu kwa sababu hakuna anayedhani amekosa. Kijana anayeandika mchezo kwa tamasha la shule angeanzia hapo badala ya kuiga panga za mwanga.

## Kuonyesha na kujadili

Tufuate mpangilio gani wa Star Wars tukitaka mwisho uume?

Ya 1977, ya 1980, kisha rudi nyuma kwa Attack of the Clones (2002) na Revenge of the Sith (2005), umalizie na Return of the Jedi. Siri ya baba inabaki siri, na matukio mawili ya Palpatine yanafuatana moja kwa moja. Ukianza na The Phantom Menace watoto watamjua baba kabla ya Luke.

Toleo lililotafsiriwa na dijei linafaa?

Kwa kuchangamsha ukumbi, hakuna kama hilo. Kwa miisho hii, lina shida moja: dijei hawezi kuacha kimya kipite. Vader anapoangalia huku na kule hasemi neno, na dijei anakijaza kimya hicho kwa "sasa mzee anafikiria, anasema huyu ni damu yangu". Maana ni ileile, lakini mtazamaji amenyang'anywa kazi. Onyesha dakika 20 za mwisho katika lugha ya asili kwanza, halafu la dijei. Kulinganisha kwenyewe ni somo.

Watoto wanaruhusiwa? Na leseni?

Angalia daraja la Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE ni kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Filamu za Corleone si za watoto, usibishane na hilo. Maonyesho ya hadhara yanahitaji leseni ya Bodi na ruhusa ya mwenye filamu.

Tutenge muda gani?

The Return of the King ya sinema ni dakika 201. Ukianza saa nane mchana unamaliza kama saa kumi na moja na dakika ishirini bila mapumziko, na watu wanataka matatu kabla ya giza. Toleo refu linapita saa nne; anza asubuhi au usilianze.

Manukuu yanatangulia sauti. Tufanyeje?

Kwa kawaida faili ya manukuu ni ya toleo jingine, refu dhidi ya fupi, na hapo hakuna dawa ila kutafuta yake. Kama yanapishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, kwenye VLC bonyeza G au H. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Yasipotokea kabisa, ipe faili hiyo jina lilelile la filamu na uiweke folda moja nayo.

Skrini inakuwa nyeusi tu Mlima wa Moto ukifika.

Ukumbi una mwanga mwingi. Matukio haya mengi ni ya giza, na jua la Kisumu saa tisa hupenya pazia jembamba. Ziba madirisha kwa blanketi, sogeza projekta karibu ili picha iwe ndogo na kali zaidi, na zima ile hali ya kupunguza umeme kwenye menyu.

Stima imepotea dakika tano kabla ya mwisho. Ikirudi tuendelee pale pale?

Usiendelee pale. Kwanza, kama projekta ni ya taa ya balbu, iache ipoe dakika kumi kabla ya kuiwasha. Kuiwasha ikiwa moto huua balbu. Kisha rudisha filamu hadi chambo kinapotolewa, si hadi mkono unapoamua: kwa Luke ni anapoitwa dirishani, kwa Frodo ni anapoingia mlangoni mwa mlima, kwa Michael ni pazia la opera linapofunguka. Na mwombe mtu mmoja akae mlangoni, maana kuna watakaokuwa wameshatoka kununua mahindi choma, nao watarudi wakiuliza nani amekufa.